Bahasha ya njano mpaka Roma

Mimi nilidhani kufunga ndoa nje ya nchi kazi yake ni tiketi na viza, ukishafika mambo yanajipa. Mchumba wangu alikuwa anasoma Roma mwaka wa tatu, likizo zetu hazilingani hata siku moja, basi tukakubaliana mimi ndo nimfuate tufunge huko huko kwenye parokia anayosali. Na Kanisa Katoliki linaruhusu, Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 1115, inasema ndoa ifungwe parokia ya mmoja wenu, pale anapoishi au hata alipokaa mwezi mzima. Nikasema safi, kumbe rahisi.

Nikaenda kwa paroko na cheti changu cha ubatizo, kile nilichotunza toka kipaimara. Akakiangalia akanirudishia. "Mwanangu, hiki weka kumbukumbu." Cha ndoa lazima kiwe kipya, kisizidi miezi sita, kwa sababu mtu akishaoa ndoa yake inaandikwa kwenye kitabu kile kile cha ubatizo, pembeni ya jina lake, sasa karatasi ya miaka 15 iliyopita itamwambiaje padre wa Roma kwamba hapo katikati hujaoa? Kwa hiyo safari yangu ya kwanza haikuwa ya ndege, ilikuwa ya basi kwenda parokia niliyobatizwa, siku nzima barabarani kwa karatasi moja. Katibu akafunua lile daftari kubwa, akashusha kidole taratibu, akasimama. "Huyu hapa. Pembeni peupe." Sijui kwa nini lakini nilifurahi kama nimefaulu mtihani.

Halafu mahojiano. Paroko anakuita peke yako (mwenzangu alihojiwa na padre wa kwake kule), unaapa kwanza, ndo maswali yanaanza, kuna mtu anakulazimisha? unajua ndoa haivunjwi? mtapokea watoto? Hayo nilijibu haraka, ila aliponiuliza kama kuna sharti lolote nimeliweka moyoni nikanyamaza kidogo, si kwamba lilikuwepo, ni vile hakuna mtu alishawahi kuniuliza. Tukatangazwa Jumapili tatu, karatasi zikaenda jimboni kugongwa muhuri, maana paroko hamwandikii mtu wa Roma hivi hivi, jimbo linaandikia jimbo. Zote zikaingia kwenye bahasha moja ya njano.

Suti niliitupa kwenye begi kubwa, bahasha nikapanda nayo mkononi, nikalala nayo kifuani nadhani jirani yangu alijua nimebeba pesa. Kutoka eapoti ya Fiumicino treni ya moja kwa moja ni dakika 32 mpaka Termini, stesheni kuu ya Roma, na mchumba wangu swali la kwanza wala si habari za safari, ni "karatasi zipo?"

Nilikuwa nimekula likizo yangu yote, wiki nne, na bado hazikutosha vizuri. Tukaanza na za serikali, hati ya ubalozi kwamba sina kizuizi, wenyewe wanaiita nulla osta, inapelekwa Prefettura, ofisi ya serikali kuu pale mkoani, kuthibitishwa, inataka stempu ya kodi, na stempu inauzwa wapi? Duka la sigara! Nilijua ananitania mpaka nilipoiona kwa macho. Baadaye majina yetu yakabandikwa manispaa siku 8.

Ya Kanisa ndo tukamalizia. Ofisi ya Vikariati, yaani ofisi kuu ya jimbo la Roma, iko kwenye jumba la Laterano, ubavuni mwa basilika ya Mtakatifu Yohane, ambayo ndo kanisa kuu la jimbo la Roma, si ile ya Mtakatifu Petro kama nilivyoamini maisha yangu yote. Na ni ndani ya jumba hilo hilo 1929 Kanisa na Italia walisaini mkataba, ukarekebishwa 1984, na kwa ajili yake ndoa ya kanisani kule inaweza kutambuliwa na serikali bila kufunga mara mbili. Basi mama wa dirishani anahesabu, moja, mbili, tatu, ya nne akasita. Barua ya matangazo ina muhuri wa parokia, wa jimbo hauna. Kosa langu mwenyewe, ilichelewa kutoka nikaichomeka tu kwenye bahasha bila kuipitisha jimboni. Jumatatu hiyo, ndoa Jumamosi.

Nikampigia paroko huku mkono unatetemeka. Hakugomba. "Tuma picha, mwanangu, nakwenda jimboni sasa hivi." Jumatano ofisi ya jimbo letu ikawaandikia Vikariati kwa imeili, tukapata ruhusa, mchumba wangu akakaa kwenye ngazi akalia, mimi nikatafuta maji.

Jumamosi tulikuwa watu kumi na tatu. Sheria inataka padre na mashahidi wawili, hao wengine walikuja kuimba. Mwishoni padre akasoma vifungu vitatu vya sheria za Italia kuhusu wajibu wa mke na mume, 143, 144 na 147, mimi nikaambulia namba tu, tukasaini, akaniambia ataandikia parokia niliyobatizwa.

Mwezi wa pili baada ya kurudi simu ikaita mlio wa ujumbe. Katibu amenitumia picha ya lile daftari. Pembeni si peupe tena, kuna jina la mke wangu, tarehe, na neno Roma, limeandikwa kwa kalamu ya bluu iliyovuja kidogo.