Geji ya joto na moto wa swichi

Hatimaye Probox ina geji ya joto la maji. Kutoboa dashibodi si kazi, kazi ni kupata umeme unaokuja na swichi ya ufunguo. Waya wa redio unashawishi maana uko karibu, ila ule ni wa ACC, yaani umeme wa vifaa kama redio: ukipiga stata unakata, geji inazima na kuanza upya. Nikashuka kwenye boksi la fyuzi na mita, waya mweusi kwenye bodi. Swichi imezimwa, sifuri. Ukiwasha, volti 12. Stata ikizunguka inashuka hadi 10 hivi, lakini haikati. Nikachukua moto hapohapo, na fyuzi yake ndogo ya ampea 3. Kuna mafundi wanaunga geji kwenye betri moja kwa moja, inakula umeme hata gari likiwa limezimwa, kisha gari lisipowaka asubuhi wanakuuzia betri mpya!