Walivyochoma chumba changu cha kushonea Nkuhungu na jinsi ushahidi ulivyopatikana

Ilikuwa mwezi wa nane, ule upepo wa Dodoma mnaujua, saa nane usiku jirani ananipigia njoo chumba chako kinaungua. Nafika nakuta Zimamoto washakuja, mtu alishapiga 114, moto umezimwa, mabati yamejikunja na cherehani zangu nne ni vyuma vyeusi tu. Nililia sana.

Asubuhi mtaa mzima unasema shoti. Vijana wakaja na machepe wanisaidie kutoa majivu, kwa roho safi kabisa, na mimi nilikuwa nishakubali, ila mwenyekiti wa mtaa akanivuta pembeni akaniambia mwanangu usiguse hata msumari, acha tuzungushie kamba tusubiri wakaguzi wa moto. Yule mzee namshukuru mpaka leo.

Mimi shoti sikuiamini kwa sababu LUKU iliisha jioni ile, nikafunga mapema nikasema nitanunua kesho. Nikamwambia mkaguzi, akaniambia sawa mama, lakini akaenda kuangalia mita mwenyewe, kisha akapekua nyaya moja moja kutafuta vile vitone vya shaba vinavyotokea waya wenye umeme ukipiga shoti. Hakuna. Alisema lazima kila sababu nyingine itolewe kwa ushahidi wake, mkaa wa pasi, sigara, mshumaa, ndo uanze kusema mtu amechoma.

Kazi yao inaanzia sehemu iliyoungua kidogo kwenda iliyoungua sana, picha kila hatua, halafu majivu wanatoa tabaka kwa tabaka. Ukutani akanionesha alama kama herufi V, moto unapanda huku unatanuka kwa iyo kule chini inapobana ndo unapopatazama kwanza. Sasa sisi tulikuwa na V mbili, moja mlangoni moja stoo nyuma, na katikati kuna kipande cha sakafu ambacho vitambaa vyake havijaungua kabisa. Mimi nikasema si ndo hivyo, mtu kawasha sehemu mbili, mkaguzi akanituliza, akasema dari linaweza kudondoka likawasha pengine, na chumba kikishika moto chote kwa mpigo sakafu inaachwa na madoa utadhani imemwagiwa petroli. Akanipa mfano wa Texas, Marekani, baba aliuawa kwa sindano ya sumu mwaka 2004 kwa hukumu kwamba alichoma nyumba yake, watoto wake watatu walikufa kwenye moto huo wa 1991, baadae wataalamu wakasema zile alama hazikuthibitisha kwamba nyumba ilichomwa. Ile stori ilinikaa kichwani.

Ila kwetu dari la stoo lilikuwa bado liko juu, kwa iyo sio lenyewe lililodondoka likawasha kule. Kwenye ufa wa sakafu pale mlangoni wakachimba udongo wakaweka kwenye kopo la bati linalofungwa kabisa, sio mfuko wa kawaida maana mvuke wa petroli unatoroka, wakachukua na udongo mwingine wa sehemu safi wa kulinganisha. Kila kopo lina lakiri na kila anayelipokea anasaini. Maabara walikuta petroli kwenye la mlangoni, la kulinganisha halina kitu.

Kabla ya hapo nilihojiwa mimi, una bima? una deni? mwenye chumba mmegombana? Iliniuma kweli, nimeunguliwa halafu nahojiwa kama mwizi, ila wanaanza na mwenye mali kila mara na majibu yangu ndo yalinisafisha. Mtu niliyemshuku nilimtaja, mpelelezi akasema ugomvi wenu sio ushahidi, petroli inaonesha umechomewa, haioneshi nani. Aliyeleta jibu ni kijana anayeuza petroli za chupa barabarani, alikumbuka nani alinunua saa nne usiku, na kamera ya duka la jirani ikamuonesha mtu huyo huyo na chupa mkononi.

Akashtakiwa kwa kuchoma. Kosa hilo liko kifungu cha 319 cha Kanuni ya Adhabu, ni mpaka kifungo cha maisha, kwa iyo wakili wake hakucheza. Akaniuliza, kuanzia moto ulipozimwa mpaka wakaguzi walipofika nani alikuwa pale, utajuaje hakuna aliyemwaga petroli asubuhi? Nikakosa la kusema. Mwenyekiti alipopanda kizimbani kutoa ushahidi akatoa daftari lake, ameandika majina ya mgambo wawili waliolinda kamba, nani kaingia zamu saa ngapi, na saini zao.