Dai la Saba

Amri mpya ya mishahara ilipoanza kutumika Julai 2013, kima cha chini cha sekta ya viwanda na biashara kilipanda kutoka shilingi 80,000 hadi 115,000 kwa mwezi. Kiwandani kwetu, kiwanda cha nguo kando ya Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam, ambayo wengi tunaendelea kuiita Pugu Road, wageni walishangilia na wakongwe wakanuna. Fundi aliyekuwa akiongezewa elfu mbili tatu kila mwaka mpaka akafika 112,000 alijikuta sawasawa na kijana aliyeingia wiki iliyopita. Mwajiri alifuata sheria kama ilivyoandikwa: waliokuwa chini ya kima aliwapandisha, waliokuwa wamekipita aliwaacha palepale. Ndipo kamati ya tawi la chama chetu cha wafanyakazi ilipoandika barua ya kutaka majadiliano ya mkataba mpya wa hali bora za kazi. Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati hiyo kwa upande wa wanawake.

Nilikuwa idara ya ufumaji. Ndani ya ukumbi ule husikii mtu hata akikupigia kelele sikioni, kwa hiyo tulizungumza kwa mikono na kusomana midomo. Vumbi la pamba linakaa mpaka kwenye kope. Ukitoka zamu ya usiku unakohoa hadi Buguruni. Wanaotoka saa nne usiku ndio waliokuwa na taabu zaidi, maana daladala za Gongo la Mboto saa hiyo ni za kugombania, na dada zetu kadhaa walikuwa wameporwa simu na mikoba njiani. Ukiyajua hayo hutashangaa kwamba katika madai yetu, usafiri wa usiku ulikuwa wa pili, mara tu baada ya ngazi za mshahara kulingana na miaka ya kazi. Yakafuata barakoa, maziwa kwa walioko kwenye vumbi, na mengine. La saba lilihusu vibarua.

Kabla sijafika huko niseme kwa nini nilikuwa na imani na chama, kwa sababu sikuzaliwa nayo. Marehemu baba alifanya kazi viwandani enzi za NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi kilichoundwa mwaka 1964 baada ya vyama vingine vyote kuvunjwa. Katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais, na huyohuyo akawa waziri wa kazi. Baba alikuwa akiuliza, "Sasa mtu wa namna hiyo atamgomea nani?" Aliposikia nimejaza TUF 6, fomu ya kuruhusu makato ya ada ya chama, na kukubali kukatwa asilimia mbili ya mshahara, alitikisa kichwa tu.

Kilichonifanya nijaze ni kesi ya mwenzangu wa mtambo wa jirani. Alikuwa mjamzito, akaugua, akakosa kazi siku kadhaa akiwa na vyeti vya kliniki mkononi, akaandikiwa barua ya kuachishwa. Yeye alishakata tamaa, anafikiria kurudi kwao Muheza. Mwenyekiti wetu wa tawi alimfuata nyumbani, akamwambia, "Dada, una siku 30 tu za kufungua shauri, na mbili umeshazilala." Akamjazia fomu, akampeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, akakaa naye mbele ya msuluhishi. Mwenzangu alirudi kwenye mtambo wake na malimbikizo yake akalipwa. Peke yake asingejua hata mlango wa kugonga. Haki ilikuwa imeandikwa kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, lakini kitabu cha sheria hakiji kukutafuta nyumbani Vingunguti.

Malalamiko nayo tulikuwa nayo. Makao makuu ya chama tuliyaona zaidi Mei Mosi, zinapoletwa fulana na kofia. Ukiuliza makato yetu yamefanya nini, unaambiwa subiri mkutano mkuu. Ila hayo niliyahesabu kuwa madogo, na hata sasa nayahesabu hivyo. Lililoniuma ni hili la vibarua.

Banda la kufungashia lilikuwa nyuma ya ukumbi wetu. Huko khanga zilikaguliwa, zikakunjwa doti doti, zikafungwa marobota. Karibu wote waliofanya kazi hiyo walikuwa vibarua, na wengi wao wanawake. Sheria ya wakati ule ilisema mkataba wa muda maalumu ni wa wenye taaluma na mameneja. Mfanyakazi wa kawaida ama aajiriwe bila kikomo cha muda, ama kwa kazi maalumu yenye mwisho. Kukunja khanga katika kiwanda cha khanga kuna mwisho gani? Lakini karatasi zao zilisema "kazi maalumu", za miezi mitatu mitatu, na kati ya karatasi moja na nyingine waliambiwa wakae nyumbani wiki moja ili ionekane wameanza upya.

Miongoni mwao alikuwepo dada tuliyemwita Mama Pacha. Sheria inampa mama aliyejifungua likizo ya siku 84 zenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mama Pacha alikuwa amefanya kazi pale miaka kadhaa, na wakati wa kujifungua ulipofika karatasi yake "ikaisha". Hakupata hata siku moja kati ya hizo 100. Alirudi getini wanawe wakiwa hawajakaza shingo, kwa sababu aliambiwa asipokuja mapema namba yake atapewa mwingine. Aliwaacha kwa mama yake Kiwalani. Saa ya chakula mdogo wake alikuwa akiwaleta mpaka kwa mama lishe wa nje ya geti, naye anatoka mbio kuwanyonyesha, mmoja baada ya mwingine, huku jicho liko kwenye saa ya mlinzi. Dai la saba lilitoka hapo. Lilitaka kila kibarua aliyefanya kazi kwa mfululizo, bila kuzitambua zile wiki za kupumzishwa, aajiriwe rasmi.

Mazungumzo hayakwenda. Mwajiri alisema ngazi za mshahara atazifikiria, usafiri ni gharama, na dai la saba halituhusu. Tukapeleka mgogoro kwenye Tume. Siku 30 za usuluhishi zikapita bila muafaka, na msuluhishi akaandika hivyo. Kilichobaki kisheria kilikuwa kupiga kura ya mgomo, na ikipita, kumpa mwajiri notisi ya saa 48. Tukatangaza kura.

Siku moja kabla ya kura, mwajiri alileta barua. Ngazi za mshahara alizikubali, shilingi 20,000 juu ya kima kwa waliotimiza miaka mitatu, na zaidi kwa waliopita kumi. Basi la zamu ya usiku alilikubali, na maziwa, na barakoa. Sharti lilikuwa kwamba dai la saba liondolewe na mkataba uandikwe kuwa unawahusu waajiriwa wa kudumu peke yao. Kamati ilikesha ikibishana, na mwisho ikaamua jambo liamuliwe na wanachama wote.

Jumamosi ile tulikutana kantini, zamu moja inatoka na nyingine inaingia. Watu walijaa hadi juu ya meza. Madirisha ya kantini yalikuwa ya nyavu bila vioo, na vibarua wa kufungasha, ambao hawakuruhusiwa kuingia kwa sababu hawakuwa wanachama, walisimama nje wakisikiliza.

Mwenyekiti aliongea kwanza. Nilimheshimu mzee yule na ninamheshimu hadi leo, kwa hiyo nitajitahidi kuyaleta maneno yake bila kuyapunguza nguvu. "Ndugu wafanyakazi," alisema, "mgomo halali haumpi mwajiri ruhusa ya kukufukuza, wala haruhusiwi kuleta watu wengine wafanye kazi yako. Lakini haumlazimishi kukulipa. Siku unayogoma ni siku bila mshahara. Mwenye nyumba wako atakusubiri? Mtoto wa shule atakusubiri? Na tukae tukijua, Kariakoo imejaa vitenge vya nje vinavyouzwa bei ambayo sisi hata uzi wake hatuununui. Tukisimamisha mitambo mwezi mzima, mteja akahamia huko, tutarudi kudai nini, na kwa nani?"

Watu wakamshangilia. Hakuwa amesema uongo hata mmoja. Viwanda vya nguo vilivyofungwa nchini tulivijua kwa majina, na wengine pale walikuwa wamefanya kazi humo.

Niliomba nafasi. Nilisema nakubaliana naye kuhusu mgomo, kwamba ni silaha inayomkata na aliyeishika. Lakini barua hii haituambii tuchague kati ya mgomo na amani, inatuambia tuchague nani aachwe. Nikasema khanga ninayoifuma mimi haifiki sokoni bila mikono ya banda la nyuma. Nikasema tuwajibu kwamba tunapokea kila kitu isipokuwa sharti lile, turudi mezani, na kura ya mgomo ibaki tayari. Nikamtaja Mama Pacha na siku zake 100.

Sauti ikatoka nyuma, "Hao hata ada hawatoi!" Nikamjibu, "Kaka, ni nani aliyewahi kuwapelekea fomu?" Mwingine akasema vibarua wote wakiajiriwa nyongeza yetu itaota mbawa, hela ni hiyohiyo moja. Dada mmoja wa usokotaji, tena rafiki yangu, alisimama akasema kwa upole kabisa: "Mwenzangu, nakuelewa. Lakini mimi niliporwa mwezi uliopita. Nalitaka basi Jumatatu." Baada ya hapo sikuwa na neno la kumwambia, kwa sababu jeraha lilikuwa bado linaonekana mkononi mwake.

Kura ilipigwa kwa kunyoosha mikono. Waliokubali barua walikuwa wengi mno, hata kuhesabu hakukuhitajika, ingawa mwenyekiti alihesabu kwa haki. Sisi tuliokataa tulikuwa wachache, wengi wetu wanawake wa ufumaji. Nilipogeuka kuangalia dirishani, watu wa banda la nyuma walikuwa wameshaanza kuondoka kuelekea getini.

Nilimfuata Mama Pacha. Alinipa mkono akasema, "Hongera mama, angalau nyie mmepata." Alikuwa anamaanisha. Nilitamani angekuwa na hasira nami.

Mkataba ukasainiwa. Nyongeza iliingia kwenye mshahara wa mwezi uliofuata, na basi likaja kweli. Siwezi kuudharau mkataba ule. Kuna watoto waliosomeshwa kwa zile 20,000, na kuna dada ambao hawakuporwa tena. Lakini kila mfanyakazi wa kudumu aliyestaafu au kuacha kazi, nafasi yake ilizibwa na kibarua, na kila kibarua aliingia nje ya mkataba. Kwa mwajiri hesabu ilikuwa rahisi: wa ndani wamekuwa ghali, basi waongezwe wa nje. Ilianza idara ya rangi, ikaja usokotaji, na mwishowe nikawa na kibarua kwenye mtambo wa kushoto kwangu na mwingine wa kulia, wanafuma nguo ileile ninayoifuma mimi. Mama Pacha hakuitwa tena baada ya karatasi yake kuisha. Nilisikia anauza samaki wa kukaanga Kiwalani.

Kisha ikaja barua nyingine. Sheria inakitambua chama kuwa msemaji pekee wa wafanyakazi pale tu kinapowakilisha zaidi ya nusu yao. Mwajiri aliandika kwamba ukihesabu wafanyakazi wote, vibarua wakiwemo, chama chetu hakifikishi tena nusu, na tusipourudisha wingi atasitisha kututambua. Wale ambao mwaka 2013 walikuwa hawatuhusu, sasa walikuwa wafanyakazi wenzetu waliotuzidi idadi. Barua ile iliponifikia kwenye kamati niliisoma mara mbili, nikaiweka mezani, nikaomba nipewe bunda la fomu.

Tukazichukua zile TUF 6 tukaenda getini alfajiri, mahali vibarua wanapopanga foleni. Wengine walijaza bila maswali. Kijana mmoja aliisoma fomu kuanzia juu mpaka chini, akaniuliza, "Shikamoo mama. Hii asilimia mbili nikikatwa, mtaniingiza kwenye mkataba au mnataka idadi tu?" Nikamwambia ukweli, kwamba nataka aingizwe, kwamba nilishawahi kulipigania hilo nikashindwa kwa kura, na kwamba sina mamlaka ya kumwahidi. Akafikiri kidogo. Akajaza.

Wengi hawakujaza. Waliogopa kupoteza namba, na hofu yao ilikuwa na sababu. Tulipata saini nyingi kuliko nilivyotarajia, lakini hazikufika nusu, na utambuzi wa chama ukaondolewa. Mkataba ulipofika mwisho wake haukufanywa upya. Zile 20,000 zilibaki kwenye mishahara ya wale waliokwisha kuzipata, na wapya wakarudi kuanza na kima cha Serikali. Basi la usiku lilisimamishwa mwezi uleule, na dada wa usokotaji akaanza tena kutembea kwa miguu.