Nilivyochemka na slo mara mbili kabla ya kuipatia ile nyekundu ya Lexington

Mi ni mtoto wa Moshi, kitimoto naijua, kachumbari nimekata tangu niko darasa la nne, kwa hiyo jirani aliponiambia "wewe utaleta slo", yaani ile saladi yao ya kabichi, nikajibu bila hata kufikiri, sawa mzee, hiyo niachie mimi. Hapo ndo nilipojiingiza mwenyewe.

Naishi High Point, North Carolina, huu mwaka wa sita sasa, nafanya kazi kwenye ghala la fanicha (huu mji ni wa fanicha, kila kona sofa). Jirani yangu tunayepakana fensi ni mzee wa miaka sabini na kitu, mstaafu, na kila sikukuu kubwa anachoma nguruwe. Nasema anachoma kwa kukosa neno. Sisi tukisema nyama choma ni moto chini nyama juu, saa moja mbili watu wameshakula na wananawa. Huyu mzee anaamka saa kumi alfajiri, anawasha kuni za mti wa hikori kwenye pipa la pembeni mpaka ziwe makaa, halafu anachota makaa kwa koleo anayatandaza chini ya nyama kidogo kidogo, na bega zima la nguruwe linakaa pale juu kwa muda wa saa tisa mpaka kumi, mafuta yanadondokea kwenye makaa na ule moshi wake ndo unaipa nyama ladha. Hiyo ndo wanaita babikyu. Ukimwambia mtu wa huku umepika babikyu halafu ukamwonyesha soseji kwenye jiko la gesi atakuangalia tu.

Sasa slo, au koleslo kwa jina refu, ndo kachumbari ya hiyo nyama, hivyo ndivyo nilivyojiambia. Kabichi iliyokatwakatwa na kuchanganywa na kitu cha uchachu. Nikaenda supamaketi nikachukua ile mifuko ya kabichi iliyokatwa tayari yenye vikaroti, mifuko mitatu, chupa ya mayonezi, nikarudi nikamwaga mayonezi, sukari, maziwa kidogo, chumvi, nikakoroga nikaweka kwenye bakuli kubwa. Dakika kumi. Nikajisifu mbele ya mama watoto kabisa, nikamwambia hawa watu wanapenda kukuza mambo.

Ilikuwa Julai 4, sikukuu yao ya uhuru, jua kali, joto lile la huku ambalo shati linakugandia mgongoni. Bakuli langu likakaa mezani kama saa moja hivi, nakuja kuangalia, kabichi inaogelea. Yaani chini kuna maji meupe kama maziwa yaliyochakachuliwa, juu kabichi imelegea. Watu wanachukua kijiko kimoja kwa heshima halafu hawarudi. Na kitu kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyesema kibaya, mke wa mzee alinishika bega akaniambia "Mungu aubariki moyo wako, mwanangu". Huku Kusini ukiusikia huo msemo usifurahi haraka, mara nyingi maana yake ni masikini weee. Nilirudi nyumbani na bakuli karibu limejaa, na hata kuila wenyewe hatukuthubutu, chakula chenye mayonezi kikikaa nje kwenye joto kama lile zaidi ya saa moja wanashauri umwage.

Wiki iliyofuata nikamkuta mzee kwenye fensi nikamuuliza straiti, mzee niambie ukweli, tatizo lilikuwa nini. Akacheka. Akasema matatizo mawili. La kwanza maji, hilo ulijua. La pili ni kwamba ulileta slo nyeupe kwenye nyama ya Lexington, ule mji wa jirani.

Nikabaki namwangalia. Kumbe mwenzenu nilikuwa sijui kwamba hili jimbo limegawanyika kwa ajili ya babikyu, na si utani, watu wazima wanabishana mpaka mishipa ya shingo inawatoka. Upande wa mashariki, kule Goldsboro, Wilson, Ayden, wanachoma nguruwe mzima na sosi yao ni siki na pilipili tu, nyanya hawataki kuiona, na slo yao ni nyeupe ya mayonezi au ya njano kidogo kwa sababu ya haradali. Ukija huku kwetu, Lexington na vitongoji vyake, wanachoma bega tu, sosi yao wenyewe wanaita dipu, ni siki na pilipili lakini imeongezwa tomato sosi kidogo, na slo inachanganywa na kitu hichohicho, kwa hiyo inatoka nyekundu. Mayonezi hakuna hata tone. Mzee aliniambia hii biashara ya Lexington ilianzia kwenye hema, mwaka 1919 Sid Weaver alikuwa anauzia nyama watu waliokuja mjini wiki ya mahakama, na ukimwachia mzee atakueleza mpaka nani alimfundisha nani, mpaka unasahau ulikuja kuuliza kabichi.

Jumamosi moja nikamchukua mama watoto tukaenda Lexington kwenyewe, si mbali, unapita Thomasville pale kwenye lile likiti kubwa la saruji katikati ya mji. Tukaingia kwenye mgahawa mmoja tukaagiza kisahani. Wanakuletea kisahani cha karatasi, upande mmoja nyama imekatwakatwa, upande wa pili slo, na pembeni hashpapi, vile vidonge vya unga wa mahindi vya kukaanga. Nikaanza na slo peke yake kwenye uma. Wee! Uchachu mpaka jicho moja likafumba. Nikamwambia mke wangu hawa wamekosea leo. Yeye alikuwa hajaongea, alikuwa ameshachanganya na nyama, akaniambia acha kuila kama mboga, ila pamoja na nyama. Nikafanya hivyo, na hapo ndo akili ikanikaa sawa. Lile bega lina mafuta mengi, tamu lakini zito, matonge matatu unahisi umeshiba, ukiweka ile kabichi chachu yenye pilipili mdomo unakuwa kama umesuuzwa, unaanza upya. Kule nyumbani ndimu kwenye kitimoto inafanya kazi hiyohiyo, ila nilikuwa sijawahi kuifikiria.

Kingine nilichokiona pale ni ukataji. Yangu ilikuwa nyuzi ndefu kama za sukuma. Yao ilikuwa chenga, yaani ukubwa wa punje ya mchele au zaidi kidogo. Nikadhani ni mapambo tu lakini hapana, slo inawekwa ndani ya skonzi juu ya nyama, sasa ikiwa nyuzi ndefu ukiuma unavuta kabichi yote inatoka nje na nyama juu.

Nikarudi nikajaribu. Hii ndo mara ya pili niliyochemka. Nilichukua kabichi nzima ya kama kilo moja, nikaikata vipande vikubwa, nikaitia kwenye mashine ya kukatia mboga nikabonyeza na kuachia, bonyeza achia, kidogo kidogo, ukiiacha inazunguka tu inakuwa uji. Hapo nilipatia. Nikachemsha siki, tomato sosi na sukari ili sukari iyeyuke, nikaimwaga ikiwa ya moto. Usifanye hivyo. Ikalainika yote, ikawa kabichi ya kupika ile ya ugali, mpaka harufu. Na maji yakatoka vilevile.

Suala la maji alinitatulia mama watoto, na alinitatulia kwa dharau kabisa. Alikuwa anakunja nguo, akaniuliza, vitunguu vya kachumbari unavifanyaje? Navivuruga na chumvi, nasubiri, nakamua, naosha. Akasema haya, akaendelea na nguo zake. Yaani kitu nimekifanya maisha yangu yote kwenye kitunguu nikashindwa kukiona kwenye kabichi! Chumvi inavuta maji yatoke, na kama yatatoka kwenye bakuli mezani si bora yatoke jikoni kwako kwanza. Wengi wa Lexington wala hawahangaiki na hili, kwao yale maji yanachanganyika na dipu maisha yanaendelea, ila mi nishaumwa na nyoka.

Kwa hiyo ninavyofanya sasa ni hivi. Kabichi ya kilo moja nikishaisaga chenga naichanganya na vijiko viwili vya chai vya chumvi, naiweka kwenye chujio juu ya sufuria, saa moja. Unarudi unakuta maji ya kutosha chini, rangi kama ya majani mabichi hivi. Naisuuza mara moja kwa maji baridi (mara ya kwanza nilisahau kusuuza, ikawa bahari), halafu naifunga kwenye kitambaa safi nakamua kwa mikono miwili kama unavyokamua tui, mpaka hakidondoki kitu. Pembeni nachanganya siki ya tufaha nusu kikombe, tomato sosi nusu kikombe, sukari theluthi ya kikombe, pilipili manga kijiko cha chai, pilipili kavu iliyopondwa nusu kijiko, na ile sosi ya pilipili ya Texas Pete matone kadhaa, ambayo pamoja na jina lake inatengenezwa Winston-Salem hapo jirani. Chumvi siongezi mpaka nimeonja. Nakoroga bila moto mpaka sukari iyeyuke, namwaga, naweka kwenye friji tangu jana yake. Ikilala usiku kucha ile siki inatulia, ikiliwa saa hiyohiyo kila kitu kinapiga kelele kivyake.

Na kuonja sasa, hapa ndo nilikuwa naharibu siku zote, nilikuwa naonja kwa kijiko naona chachu naongeza sukari, naonja tena naongeza, mwisho inakuwa kama jemu. Siku hizi mzee ananipa kamfuko ka nyama iliyobaki nakaweka kwenye friza, siku ya kutengeneza slo napasha kipande, naonja pamoja. Ikiwa na nyama bado inachachua sana ndo naongeza sukari, na mara nyingi haihitaji.

Ikaja sikukuu ya wafanyakazi, ile yao ya Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Nikabeba bakuli langu limekaa ndani ya beseni la barafu, jekundu, chenga, halina tone la maji. Mzee hakusema kitu. Alichukua skonzi, akaweka nyama, akachota slo vijiko viwili, akafunika, akaminya na kiganja, akauma. Akatafuna huku anaangalia makaa yake. Akachota tena. Basi mi nikaenda kukaa.

Sasa shemeji yake, dada wa mke wake, alikuwa amekuja kutoka Goldsboro. Akafika mezani na sahani yake, akainama kwenye bakuli langu akaliangalia kama mtu anayeangalia injini, akauliza kwa sauti, "hii ni nini?" Mzee akajibu kutoka kule kwenye moshi, hiyo ni slo. Mama akasema hii si slo, akatoka akaenda kwenye gari lake, akarudi na kiboksi cha barafu, ndani kuna bakuli lake la nyeupe, ametoka nalo nyumbani kwake, zaidi ya saa mbili njiani. Akaliweka sambamba na langu, akalifunua.

Mzee alivyogeuka kuchota makaa nikaonja ya yule mama kijiko kimoja. Ilikuwa tamu balaa. Nikafuta mdomo haraka.