Nilidhani skii zangu ni kali mno

Skii zangu, vile vibao virefu vinavyofungwa miguuni kutelezea theluji, zilinikaidi tangu kona ya kwanza. Nikitaka kugeuka kulia, ile ya kushoto ilikuwa imeshang'ang'ania theluji; pua yake inavuta kwake, mimi navuta kwangu. Usiku uliotangulia nilikuwa nimezinoa mwenyewe kwa mara ya kwanza, kutoka puani hadi mkiani, na nilijisifu nilipoona kingo zake za chuma zinakwangua ukucha.

Kila niliyemuuliza alinijibu vilevile: punguza makali puani na mkiani. Basi nikachukua msasa, nikasugua kama sentimita 30 kila upande bila huruma. Kesho yake, kwenye theluji laini, raha tupu. Kisha nikafika penye kivuli, theluji imeganda kama kioo, nikaelemea skii ili nigeuke. Hakuna kilichoshika. Sehemu iliyobaki ya mteremko niliishuka kwa makalio.

Ushauri ule haukuwa wa uongo, ulikuwa wa zamani. Skii za kale zilikuwa ndefu na karibu zimenyooka, na kubutusha ncha zake kulisaidia zisinase. Hizi za leo, zenye kiuno chembamba na pua pana, ambazo zilienea miaka ya 1990, huanza kona kwa ile sehemu ya mbele. Mimi nilikuwa nimeisugua sehemu hiyo hiyo.

Mzee mmoja aliyezoea kazi hii alizichukua, akapitisha kidole taratibu kutoka katikati ya upande wa chini kwenda ukingoni.

"Kijana, ulinoa kwa tupa, ukaishia hapo?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi hukumaliza. Gusa hapa."

Niligusa. Palikuwa na unyuzi mwembamba wa chuma uliokunjika kuelekea chini, karibu urefu wote wa skii. Tupa ikila chuma huacha masalia hayo, na ndiyo yaliyokuwa yakinasa theluji. Kumbe lile kwanguo la ukucha nililojivunia lilitokana na takataka! Makali yenyewe hayakuwa na kosa.

Nikaanza upya. Skii kwenye jiliwa, breki zake, vile vyuma vya kuizuia isiteleze peke yake, zimefungwa nyuma kwa mpira. Palipogonga mawe nilianza na jiwe la almasi, yaani kinoo chenye chembe za almasi, kwa sababu chuma kilichosuguana na mwamba huwa kigumu na tupa hupita juu yake ikilia tu. Halafu nikapaka wino upande wa pembeni, nikaweka tupa kwenye kishikio chake kinachoielekeza kwa pembe ya nyuzi 2, nikavuta mara moja. Wino ulifutika upana wote, maana yake pembe ililingana; ungebaki mstari upande mmoja, ningekuwa natafuna chuma bure. Nilivuta kuelekea upande mmoja tu, kwa mkono mwepesi, nikifagia chembe kila mara zisije zikachora upande wa chini. Msasa ulikuwa umeuma sana mbele, kwa hiyo hapo ilibidi nirudie mpaka mkono ukafa ganzi. Kisha mawe ya almasi yaliyoloweshwa maji, la kukwaruza kwanza, laini mwisho.

Kwa chini sikuthubutu kugusa kwa tupa. Pembe ya huko huwa ndogo, nusu ya nyuzi hadi nyuzi 1 kwa skii nyingi, na ukishaizidisha hairudi mpaka upande mzima wa chini usagwe kwa mashine. Nilipitisha jiwe laini tu, likiwa kwenye kishikio chake, kuondoa ule unyuzi, nikamalizia kwa jiwe la mpira, kipande cha mpira chenye chembe za kusugulia, mara moja, kama mtu anayefuta vumbi.

Likabaki suala la kubutusha. Nililaza skii mezani, nikasukuma karatasi chini yake kutoka puani hadi ilipokwama. Hapo ndipo skii inapoanza kugusa theluji ikiwa bapa. Mbele ya alama hiyo nilisugua bila wasiwasi; nyuma yake, kuelekea kiunoni, sentimita 3 tu, kwa jiwe la mpira nililoliinamisha nyuzi 45. Mkiani nikafanya hivyohivyo, ila kidogo zaidi, maana mkia butu hukutelezesha mwisho wa kona. (Skii ambazo pua imeinuka tangu mbali hudanganya kipimo hiki, kwa sababu ukizilaza ubavu mguso husogea mbele.)

Jiwe la mpira nikalitia mfukoni. Pale penye kivuli skii ya kulia ilishika na kuachia nilipotaka. Ya kushoto bado ilivuta kidogo, nikasimama kando, nikaisugua mara mbili kwa sentimita 2 zaidi, nikaendelea. Jioni nilizifuta maji kingo zote zisishike kutu, na ile suruali nikaipeleka kutiwa kiraka.