Siku moja maishani mwangu: naamua duka liuze nini, Mtwara

Saa 12:30 asubuhi. Nikiwa bado nyumbani Chuno, naangalia kwenye simu mauzo ya jana ya matawi yetu ya Mtwara mjini, Masasi, Newala, Tandahimba na Lindi. Kipi kimetoka, kipi kimedoda.

Saa 2:00. Oda za sukari, unga, chumvi, sabuni. Hizo hazina mjadala. Stoo lazima ziwe na akiba, maana Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar kule Somanga, tuliona rafu zinavyokauka.

Saa 3:30 ndipo kazi yenyewe inaanza. Rafu haivutiki: ukiingiza kipya, kuna cha kutoa. Na Newala si Mtwara mjini. Kule juu maji ni tabu ya miaka mingi, ndoo zenye mifuniko na madumu ya lita 20 hayakai. Huku mjini yanapigwa vumbi. Sasa ni Oktoba, minada ya korosho imeanza. Kabla malipo hayajaingia, mkulima ananunua mafuta ya robo lita na kipande cha sabuni. Yakiingia, huyohuyo anataka dumu zima, godoro na taa ya sola. Nikiagiza mapema mno, pesa ya kampuni inalala stoo. Nikichelewa, wenye magulio wameshamfuata kijijini.

Saa 5:00 akaingia kijana wa mauzo ya juisi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, karibu."

Anataka matawi yote yachukue mzigo sawa, ukichukua katoni 10 unapewa 1 bure. Nikageuza boksi: mwisho wa matumizi Desemba. Nikamwambia lori letu la Tandahimba na Newala huenda mara moja kwa wiki, na boksi la lita nzima likifunguliwa kwenye nyumba isiyo na friji, kesho limechacha. Niletee ya robo lita. "Dada yangu, hii inatoka nchi nzima!" Nchi nzima siijui, nawajua wateja wangu. Akampigia bosi wake, nikapewa simu. Bosi akanitajia jina la mkurugenzi wetu, kana kwamba hilo linasogeza Desemba mbele. Tukarudi kwenye bei, tukarudi kwenye ofa, chai ikapoa. Nikauliza swali moja: zisipouzwa, mtazichukua? Kimya. Adhuhuri imeshaadhiniwa ndipo akakubali kuandika na kusaini kwamba watazichukua. Matawi mawili tu, Mtwara na Masasi.

Nilikula mchana ukiwa umeshaenda, kichwa kinagonga.

Kisha nikapiga simu matawini wanisomee daftari la vilivyokosekana. Hili nalipigania kuliko kitu chochote. Mauzo yanaonyesha kilichouzwa tu. Mteja aliyeulizia kitu, akaambiwa hakuna, akaondoka, haonekani popote. Kwa hiyo kila kaunta ina daftari, na kila kinachoulizwa kikakosekana kinaandikwa.

Newala akasoma: "Turubai. Turubai. Betri kubwa. Turubai, mama, wanataka za kuanikia korosho."

Kwenye mfumo wa mauzo turubai haipo, kwa sababu hatujawahi kuiuza. Jioni nikampigia muuzaji wa jumla wa mjini, tukakubaliana bei, na nikatoa vyombo vya glasi kwenye rafu ya Newala kupisha nafasi. Lori linapakia kesho.