Siku moja maishani mwangu: laptop inayozima gemu likinoga

Saa 11:40 alfajiri

Nakaa Kimara, kazi iko Kariakoo, kwa hiyo siku yangu inaanzia kwenye foleni ya mwendokasi wa Gerezani. Mimi ni fundi wa laptop. Kwenye begi nabeba bisibisi, brashi, spiriti, themo pesti (ute wa kupitisha joto la prosesa) na flashi mbili: moja ina Windows, nyingine ina MemTest86, programu ya kupima memori. Mafundi wengi wanatembea na ile ya kwanza tu. Ya pili ndiyo inayoniletea wateja waliokata tamaa.

Saa 2:15 asubuhi

Nafungua fremu, ghorofa ya pili, nawakuta mama mmoja na kijana wake wamekaa kwenye ngazi. Laptop imeviringishwa kwenye khanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Tumewahi, huyu hajalala vizuri kwa ajili ya hii kitu."

Kijana anaeleza. Anacheza Euro Truck Simulator 2, lile gemu la malori lililotengenezwa na SCS Software wa Prague na kutoka mwaka 2012. Baba yake ni dereva wa lori, anapeleka mzigo Tunduma, na dogo anataka kuelewa kazi ya mzee: kurudi nyuma na tela, kuhesabu mafuta, kujua muda wa kupumzika. Shida ni kwamba hamalizi safari. "Kaka, Windows imeshapigwa upya mara mbili, kwa mafundi wawili tofauti. Bado."

Sijagusa mashine. Nachukua daftari, naanza kuuliza. Gemu linajifunga baada ya muda gani? Chaja ikiwa imechomekwa au inatumia betri? Unachezea wapi? Likijifunga, unarudi kwenye desktop au laptop nzima inazima?

"Yote mawili. Siku nyingine gemu linajitoa lenyewe, laptop inabaki inawaka. Siku nyingine inazima kabisa, giza."

Jibu hilo lina thamani kuliko programu yoyote niliyo nayo. Gemu kujitoa na laptop kuzima ni magonjwa mawili. Gemu likijitoa peke yake, kuna kitu ndani kimeharibika njiani: faili, draiva (programu inayoendesha kifaa), modi (nyongeza zinazobadilisha gemu) au memori. Laptop ikikata ghafla, mara nyingi ni umeme au joto. Ukiyachanganya, utatibu moja, lingine libaki, halafu useme mashine ina jini.

"Kabla haijaanza kusumbua, mlibadilisha nini?"

Dogo anafikiri. Aliongeza RAM, yaani memori ya mashine, ya mtumba ya GB 8 ili gemu liende laini. Akaweka na modi za mabasi. Mama naye anadakia: "Na anachezea kitandani, juu ya godoro." Naandika yote.

Hii tabia ya kupiga Windows kwa kila tatizo inaniuma kweli. Windows mpya haipozi feni na haiponyi RAM. Tena inafuta kumbukumbu zote za mashine ilivyoanguka, ushahidi ambao fundi anayefuata angeusoma. Mteja anapoteza picha zake, anachoma bando kudondosha gemu upya, na anarudi nyumbani na ugonjwa uleule.

Saa 3:00

Bahati nzuri tangu Windows ya mwisho ipigwe, mashine imeanguka vya kutosha. Nafungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows. Kuna mistari ya Kernel-Power yenye namba 41. Watu wakiiona hii wanakimbilia kusema umeme umeharibika, lakini 41 inasema jambo moja tu: mashine ilizimika bila kufungwa inavyotakiwa. Sababu haisemi. Kwangu inathibitisha maneno ya dogo, basi.

Kisha Reliability Monitor, ukurasa ninaowashauri hata wasio mafundi waufungue, maana unaonyesha siku kwa siku, na kila anguko lina alama nyekundu. Hapa napata kitu. Anguko moja linataja faili la gemu lenyewe, jingine draiva ya grafiksi, jingine ni kivinjari cha intaneti ambacho hakihusiani na malori hata kidogo. Nafungua pia game.log.txt, daftari ambalo gemu hili linajiandikia kwenye folda lake ndani ya Documents. Mistari ya mwisho haifanani kutoka safari moja hadi nyingine.

Kosa likiwa la gemu au la modi, mara nyingi hudondokea palepale. Kosa linalohamahama kutoka programu hadi programu linanipeleka kwenye memori. Lakini sitoi hukumu bado. Nachotoa ni folda la modi, naliweka pembeni, ili jaribio la leo liwe na kitu kimoja kimoja.

Saa 4:00

Joto kwanza, kwa sababu kulipima ni bure. HWiNFO, programu ya kusoma joto, inawaka pembeni, gemu linaanza, dogo anashika usukani. Siku hizi za kaskazi ofisini kwetu hewa yenyewe inakaribia nyuzi 32, na mashine inapoza kwa kutumia hewa hiyohiyo. Dakika chache tu, prosesa, ubongo wa mashine, imegusa nyuzi 99. Kasi yake inashuka yenyewe, na ndivyo ilivyoundwa: prosesa nyingi za laptop za Intel hujipunguza zikifika karibu na 100, na joto likizidi mashine inajizima ili isiungue. Feni inalia, lakini nikiweka kiganja kwenye tundu la kutolea hewa, napata pumzi kidogo tu.

Katikati ya hapo anaingia kijana mwingine, gemu lake halifunguki kabisa, linadai VCRUNTIME140.dll haipo. Huyo hakumaliza dakika kumi. Ni kifurushi cha Visual C++ cha Microsoft, kinapakuliwa bure kwenye tovuti yao wenyewe. Nikamsihi asipakue faili la dll moja moja kwenye tovuti asizozijua, maana virusi vingi huingia kwa mlango huo.

Saa 5:00

Nafungua. Kwanza naitoa betri kwenye soketi yake, kabla ya kugusa kingine chochote. Kisha feni.

Uchafu unaoua laptop za Dar hauonekani kwa nje. Unakaa katikati, kati ya feni na yale mapezi membamba ya kupozea. Vumbi la barabarani linachanganyika na unyevu wa pwani na nyuzi za shuka, linajifuma, linakuwa kama kipande cha blanketi. Ndiyo maana kupuliza kwa bloa kutoka nje hakusaidii sana; unalikandamiza tu, au unalisogeza. Inabidi feni itoke, ulivute kwa kibanio. Lilitoka zima. Mama alilishika akalitazama pande zote mbili.

Nikipuliza feni, naibana kwa kidole isizunguke, maana upepo wa bloa unaizungusha kuliko kasi yake na bearingi zinaumia. Themo pesti ya zamani imekauka, inabanduka kama chokaa. Naifuta kwa spiriti mpaka chuma king'ae, naweka mpya kiasi kidogo katikati, si kuipaka kama siagi. Skrubu nazikaza kwa kufuata namba zilizoandikwa pembeni yake, kidogo kidogo kwa zamu, ili bamba likae sawa. Kazi hii haitaki haraka. Nikisikia fundi anajisifu kuimaliza kwa dakika tano, namwonea huruma mwenye laptop.

Saa 7:00 mchana

Gemu tena, barabara ileile, modi bado ziko pembeni. Joto linapanda mpaka nyuzi 83, linasimama hapo. Laptop haizimi. Dogo anatabasamu, anaanza kunishukuru, namwambia endelea kuendesha.

Amebakiza kilomita chache afike mjini, gemu linajitoa. Desktop. Mashine inawaka, imepoa, feni inapumua vizuri.

Fundi aliyepokea maelezo nusu angekimbilia tena kupiga Windows hapa. Mimi nimefurahi, na nimemwambia dogo hivyo hivyo: ugonjwa wa kwanza umeondoka, sasa wa pili umebaki peke yake bila pa kujificha.

Saa 7:40

Flashi ya pili. MemTest86 inajiwasha yenyewe kabla ya Windows, kwa hiyo draiva na virusi havina nafasi ya kusingiziwa. Inaandika na kusoma kila chumba cha memori kwa mifumo tofauti. Toleo la bure linaruhusu mizunguko minne, na kwa kazi zetu inatosha. Nawaacha mama na mwanawe waende kula, nami naagiza wali maharage.

Kijiko cha tatu, mistari myekundu. Kwenye memori hakuna "kosa dogo". Kosa moja tu likijitokeza tena na tena, hiyo RAM haifai, kwa sababu hujui ni kitu gani kitakaa kwenye chumba hicho kibovu. Leo ni tairi la lori, kesho ni ripoti ya chuo inayohifadhiwa ikiwa imeharibika bila wewe kujua.

Nazima, natoa RAM zote mbili, napima moja moja kwenye soketi ileile. Ile iliyokuja na laptop naiacha ikimbie. Ile ya mtumba inatoa nyekundu. Halafu naihamishia kwenye soketi ya pili, nyekundu tena. Hatua hii ya kuhamisha wengi wanairuka, na ni muhimu: makosa yangebaki kwenye soketi badala ya kuifuata RAM, tatizo lingekuwa madabodi, bodi kuu ya mashine, na bei ingekuwa nyingine kabisa. Nairudisha ile iliyokuja na laptop, naiacha ipimwe mpaka jioni huku nikibadilisha vioo na kibodi za watu wengine.

Saa 11:00 jioni

RAM ya mwanzo imemaliza mizunguko yake bila doa. Dogo anakaa, anachagua mzigo, anaondoka. Picha haziendi laini kama alivyotaka, na namweleza kwa nini: grafiksi ya ndani ya prosesa haina memori yake, inakopa RAM, na RAM zikiwa mbili inapata njia mbili za kupitishia. Kwa hiyo wazo lake la kuongeza lilikuwa sahihi kabisa. Kipande alichouziwa ndicho kibovu. Kwa sasa tunapunguza vivuli na umbali wa kuona, gemu linatulia.

Anafika. Anarudi nyuma na tela mpaka kwenye mstari, anashusha mzigo. Anachukua mwingine bila kuniuliza.

Saa 12:15

Mama anapiga picha ya skrini yenye mistari myekundu kwa simu yake, atampelekea aliyemuuzia. Namwambia asigombane, aonyeshe picha tu, na akipewa nyingine ailete hapa niipime kabla hajaondoka Kariakoo. Upimaji huo simtozi.

"Na kitandani?" anamuuliza mwanawe, macho yakiwa kwangu.

"Mezani, mama. Au hata ubao chini yake, tundu la chini lipate hewa. Na kila baada ya mwaka aniletee niifungue."

Dogo ameshikilia lile folda la modi, anataka kulirudisha lote. Namwambia arudishe modi moja, aendeshe safari nzima, ndipo aweke ya pili. Toleo la gemu likibadilika, modi ya zamani inaweza kuligomesha, na akiziweka zote kwa mpigo hatajua ipi. Anaandika kwenye simu. Wanashuka ngazi, mimi nachomeka laptop inayofuata: hii nayo, mwenyewe anasema, imeshapigwa Windows.